Anayetembea kwa Miguu Ndiye Kipimo

Familia inapotafuta mahali pa kwenda kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps, hukutana kwanza na namba. Eneo la Trois Vallées nchini Ufaransa hujitangaza kwa kilomita 600 za njia za skii. Val Thorens, kituo kilicho juu kabisa katika eneo hilo, hujivunia kujengwa mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko kituo kingine chochote cha skii barani Ulaya. Kwingineko utahesabiwa magari ya kebo, njia nyeusi za mafundi, njia za buluu za wanaojifunza, na mizinga ya kutengenezea theluji. Namba hizo ni za kweli na zina kazi yake, ila zote zimepimwa kwa mguu wa anayeteleza. Kama safarini yumo bibi aliyetoka Moshi kuja kuwaona wajukuu Munich, mama mwenye mimba ya miezi sita, baba aliyepasuliwa goti mwaka jana, au mtu mzima mwenye afya zake ambaye hana tu hamu ya kushuka mlima kwa kasi, kilomita 600 hazimwambii lolote kuhusu siku yake. Na ni mtu huyu, si bingwa wa familia, ambaye naona uchaguzi wote unapaswa kuanza naye.

Wauza safari wanajua kwamba yupo, na jibu lao kwake ni orodha: bwawa la maji moto, kukandwa mwili, maduka, uwanja wa barafu, mkahawa wenye keki nzuri. Orodha hii huonekana ya ukarimu mpaka uiweke kwenye saa. Kebo nyingi za Alps hufunguliwa karibu saa tatu asubuhi na kufungwa kati ya saa kumi na saa kumi na nusu alasiri. Hizo ni saa saba, na likizo ya kawaida ina siku sita za kuteleza, yaani saa zipatazo arobaini. Maji moto yatakula saa mbili za siku moja. Maduka ya kijiji chenye mtaa mmoja yatakwisha asubuhi ya kwanza. Lakini kasoro kubwa ya orodha si uhaba wa mambo ya kufanya. Orodha inapima jinsi mtu atakavyopitisha wakati akiwa peke yake, ilhali familia imetumia akiba yake ili iwe pamoja. Swali linalofaa ni lingine: je, mtu aliyevaa viatu vya kawaida vya baridi anaweza kufika, bila kushikwa mkono na bila kuogopa, pale watakapokula chakula cha mchana wenzake wenye skii miguuni? Jibu likiwa ndiyo, siku hukatika vipande viwili vya saa tatu na ushei, na kila kipande kinabebeka. Jibu likiwa hapana, bwawa la maji moto haliwezi kuliziba pengo hilo, hata liwe na mapambo ya marumaru.

Jibu lenyewe haliji kwa bahati. Kwa sehemu kubwa limekwisha kuamuliwa na historia ya mahali, na ndiyo maana naona familia itajifunza zaidi kwa kuuliza kijiji kilianza lini na kwa ajili ya nani kuliko kwa kusoma ramani ya njia za skii. Mgeni wa kwanza wa majira ya baridi katika milima hii hakuwa mtelezaji. Davos ilianza kupokea wageni wa baridi Februari 1865, walipofika wagonjwa wawili wa kifua wakitafuta hewa kavu na jua ambalo daktari wa huko, Alexander Spengler, aliamini lingewaponya. Kuhusu St. Moritz inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwawekea dau wageni wake Waingereza wa kiangazi: warudi wakati wa baridi, na wasipopendezwa atawalipia gharama za safari. Watu hao walikuja kuota jua kwenye roshani, kutembea, kupanda sleji za farasi, kuteleza kwenye barafu ya ziwa. Skii ziliingia baadaye kutoka Norway, na mwaka 1894 mwandishi Arthur Conan Doyle alipovuka nazo kutoka Davos kwenda Arosa, bado zilikuwa kioja. Mtambo wa kuvuta watelezaji kwa kamba haukujengwa Davos hadi 1934. Kwa karibu miaka sabini, basi, vijiji hivi viliishi kwa fedha za watu wanaotembea, na vilijengwa kwa kipimo chao: njia pana zinazofagiliwa, mabaraza yanayotazama kusini, na juu ya yote reli. Reli ya Wengernalp ilianza kazi 1893, ya Gornergrat 1898, ya Jungfrau ilifika mwisho wake 1912. Zote zilijengwa kwa ajili ya watalii wa kiangazi waliovaa makoti na magauni. Mtelezaji alikuja kuzikuta. Na reli haimuulizi abiria ana nini miguuni.

Weka kando yake vituo ambavyo serikali ya Ufaransa ilivipanga kuanzia 1964 kwa mpango ulioitwa Plan Neige. Nia ilikuwa njema: kuwafikisha mlimani wafanyakazi wa mijini waliopata likizo ya kulipwa, na kuvuta fedha za kigeni. Wasanifu wakubwa walishiriki. Flaine ni kazi ya Marcel Breuer, na Charlotte Perriand aliweka mkono wake Les Arcs. Wazo lililotawala ni kwamba mgeni afungue mlango, avae skii na aondoke. Kwa mtelezaji hiyo ni raha kamili. Lakini mahali ambapo mtaa wenyewe ndio njia ya skii, mwenye viatu hubaki pembezoni, akingojea nafasi ya kuvuka. Zaidi ya hapo, ili theluji iwe ya uhakika, baadhi ya vituo hivyo viliwekwa juu ya mpaka wa miti. Val Thorens haina msitu. Jua likiwaka, weupe ule ni wa ajabu. Wingu likishuka, anga na ardhi huwa kitu kimoja, na hakuna mti wa kumwonyesha mtu anakokwenda. Anayeteleza atalalamika siku mbili kisha ajaribu njia za chini. Anayetembea hatakuwa na njia yoyote. Kwa haki ya vituo hivi, niseme kwamba Trois Vallées huuza tiketi za watembea kwa miguu, na mtu anaweza kupandishwa mpaka mikahawa kadhaa ya juu. Mlango upo, ila nyumba haikupangwa kuuzunguka.

Mfano wa nyumba iliyopangwa vizuri zaidi ni Wengen, Uswisi, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu unaonyesha hoja nzima kwa mahali pamoja. Wengen iko mita 1,274 juu ya bahari, kwenye ubao wa mlima unaotazama magharibi, na haifikiwi kwa gari. Magari huachwa Lauterbrunnen, bondeni, kisha watu hupanda treni ya meno. Treni hiyohiyo huendelea juu mpaka Kleine Scheidegg, mita 2,061, safari ya kama nusu saa, chini kabisa ya ukuta wa Eiger, na Mönch na Jungfrau zikiwa jirani. Asubuhi behewa moja humbeba mtoto mwenye skii, mwalimu wake, na bibi mwenye fimbo ya kutembelea. Wote hushuka kwenye jukwaa moja. Watoto huanza kuteleza kutoka palepale; bibi ana mikahawa hatua chache kutoka stesheni, na saa sita mchana hawana haja ya kupigiana simu kuulizana mko wapi. Mwenye miguu imara anaweza kupanda kebo kutoka Wengen hadi Männlichen, zaidi ya mita 2,200, kisha kutembea hadi Kleine Scheidegg kwenye njia iliyoshindiliwa kwa mashine, milima yote mitatu ikiwa mbele yake. Nchini Uswisi njia za kutembea wakati wa baridi huwekewa alama za rangi ya waridi, tofauti na za kiangazi, ili mtu asijikute katikati ya wanaoteremka kwa kasi. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba mtembeaji amehesabiwa kama mgeni kamili. Upande wa pili wa mlima, Grindelwald, kuna njia ya sleji ya kama kilomita 15 kutoka Faulhorn. Hiyo inadai kwanza kuivuta sleji kwa miguu saa mbili na nusu, kwa hiyo ni ya kijana asiyeteleza, si ya bibi. Sleji fupi zipo, na humo anayeteleza na asiyeteleza huwa sawa: wote wanapiga kelele.

Zermatt, pia nchini Uswisi, inafuata kwa ukaribu. Nayo haina magari ya watu binafsi. Hayo huishia Täsch. Gornergrat, mita 3,089, hufikiwa kwa treni, na ukiwa juu Matterhorn inaonekana yote. Kijiji chenyewe kina historia ya kutosha kumshughulisha mtu mvua inaponyesha, ikiwemo jumba la makumbusho linalosimulia upandaji wa kwanza wa mlima huo, tarehe 14 Julai 1865, ambapo wanne kati ya saba walikufa wakishuka. Lakini Zermatt inalazimisha swali ambalo vitabu vya utalii hulipita haraka, nalo ni kimo. Msomaji anayeijua Kilimanjaro atalielewa upesi. Kibanda cha Mandara kiko karibu mita 2,700, Horombo karibu 3,700, na mpanda mlima hufika Horombo siku ya pili ili mwili uzoee. Kebo ya Zermatt humpeleka mtu kutoka mita 1,600 na kitu hadi kituo cha Klein Matterhorn, mita 3,883, juu kuliko Horombo, chini ya saa moja. Kichwa kuuma, kichefuchefu na pumzi kukatika huko si dalili za udhaifu wala uzee, bali mwili unadai hewa. Kwa mtoto mchanga, mama mjamzito, au mzee mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo, daktari aulizwe kabla tiketi haijanunuliwa. Hapo ndipo namba ya kimo, ambayo mtelezaji huiona sifa, inapogeuka kuwa tahadhari. Mahali pazuri pa familia ya aina hii ni penye pa kukutania katika mita 1,500 hadi 2,200, na penye pa juu zaidi kwa anayetaka.

Mtu anaweza kunipinga kwa kutaja Chamonix. Ni mji wa kale wa wapanda milima, uliandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, una treni ya Montenvers inayokwenda kwenye mto wa barafu wa Mer de Glace, na tangu 1955 una kebo ya Aiguille du Midi inayofika mita 3,842. Kwa asiyeteleza, hakuna mji wa Alps wenye mengi zaidi ya kutazama. Hata hivyo nisingeupendekeza kwa urahisi, na sababu yake inanisaidia kuinoa hoja yangu. Maeneo ya kuteleza ya Chamonix hayako pamoja. Brévent na Flégère ziko upande mmoja wa bonde, Grands Montets kwingine, Le Tour mwisho wa bonde, Les Houches mwanzo wake, na kati yake watu husafiri kwa basi au treni. Kwa hiyo asubuhi familia hutawanyika, na mikahawa ya mchana iko mbali na mambo ya kutazama. Banff nchini Kanada ina tatizo hilohilo: mji mzuri uliozaliwa na chemchemi za maji moto katika miaka ya 1880, lakini Sunshine na Lake Louise, zinakotelezewa skii, ni safari ya basi. Umri wa mahali, basi, ni dalili tu. Whistler, nayo ya Kanada, inaonyesha upande wa pili: ni kijiji kipya, kilichopangwa mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini waliokipanga waliwafikiria wenye miguu tangu mwanzo. Kebo yake ya Peak 2 Peak, iliyofunguliwa Desemba 2008 na yenye urefu wa kilomita 4.4 kati ya milima miwili, humchukua yeyote, na kila upande mwisho wake ni mkahawa. Kinachoamua ni kama njia ya mwenye viatu na njia ya mwenye skii zinakutana juu. Mahali pa kale zilikutana kwa sababu ya reli. Mahali papya zitakutana tu kama kuna mtu aliyekusudia zikutane.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la fedha. Uswisi ni ghali, na familia ya Waswahili inayoishi Ulaya mara nyingi ina watoto watatu au wanne pamoja na wazazi waliokuja kutembea. Kuwaambia waende Wengen kunaweza kuonekana kama kumshauri mtu anunue jumba wakati anatafuta chumba. Nalikubali pingamizi hili kwa nusu. Nusu ninayoikataa ni dhana kwamba asiyeteleza anaongeza gharama. Yeye hakodi vifaa, halipii mwalimu, na hapaswi kamwe kununuliwa pasi nzima ya skii, kosa ambalo familia hufanya kwa kutaka kumpa heshima sawa. Tiketi ya kupanda na kushuka kwa mtembeaji, ikinunuliwa siku inapohitajika, hutosha; na huko Uswisi kadi ya nusu nauli hupunguza bei ya treni na kebo nyingi za milimani. Nusu ninayoikubali inanipeleka Austria na Italia.

Serfaus, katika jimbo la Tirol, ni kijiji cha mita 1,427 ambacho tangu 1985 kina treni ya chini ya ardhi inayoelea juu ya mto wa hewa, yenye vituo vinne tu, kutoka maegesho ya magari hadi kwenye kebo. Ilijengwa ili mitaa ibaki ya watu. Jambo la maana zaidi kwa hoja yangu ni kwamba uwanja wa watoto wanaojifunza uko Komperdell, kituo cha katikati ya mlima, ambako kebo ya vibanda humfikisha asiyeteleza. Familia nyingi hazifikirii kwamba asiyeteleza ndiye mara nyingi anayewapokea watoto darasa linapokwisha, anayewavua mabuti magumu, anayekausha glovu. Mahali pa mafunzo pasipofikika kwa miguu, mzigo huo humrudia mtelezaji, ambaye hukatisha siku yake, na manung'uniko huanzia hapo.

Upande wa Italia, kutoka mji wa Ortisei katika bonde la Gardena, kebo hupanda hadi Alpe di Siusi, uwanda wa malisho wa kilomita za mraba 56 ulio juu, ambao wakati wa mchana hauruhusu magari ya watu binafsi. Hakuna mahali ninapoona njia za mtembeaji na za mtelezaji zimefumwa hivi: ardhi ni ya mawimbi tu, njia ya miguu na njia ya skii hukaribiana na kuachana, sleji za farasi hupita, na vibanda vya mbao vinavyouza chakula vimetapakaa kila mahali. Anayechoka hukaa kibanda cha kwanza, mwenye nguvu huendelea hadi cha tatu, na wote wako mahali pamoja. Hatari yake ni bingwa wa familia. Bonde hilo liko kwenye duara maarufu la Sella Ronda, na atakayeamua kulizunguka hataonekana mpaka jioni. Siku moja kati ya sita apewe, ili zile tano awe wa wenzake.

Wapo watakaosema tatizo lote linaisha kwa neno moja: ajifunze. Huwa nasikitika kusikia ushauri huu ukitolewa kwa wepesi. Wiki ya kwanza ya skii ni ya kuanguka, na kwa mtu wa miaka sitini mfupa unaovunjika ugenini si jambo la kufanyia mzaha. Lakini ndani ya ushauri huo mna punje ya kweli, kwa kuwa skii si ya kushuka tu. Kuna skii ya kutembelea, nyembamba, ya mahali tambarare, inayosukumwa kwa miguu na fimbo mbili. Ndiyo aliyoshindana nayo Philip Boit, mkimbiaji kutoka Kenya, katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja mwishoni kumkumbatia. Boit hakuanza na theluji utotoni. Alianza na mapafu na miguu ya mkimbiaji. Kwa asiyeteleza ambaye ana afya na udadisi, Seefeld, uwanda wa mita 1,200 karibu na Innsbruck, unafaa sana. Mashindano ya skii za kutembelea ya Olimpiki za 1964 na 1976 yalifanyika huko, ina njia nyingi za miguu ndani ya msitu, na treni hufika katikati ya mji. Udhaifu wake ni kwamba milima yake ya kuteremka ni midogo. Kijana aliyekwisha iva ataimaliza kwa siku mbili. Familia yenye wanafunzi wa skii haitalihisi hilo. Na kwa jamaa walioko Dubai na Oman, Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005 ndani ya jengo la maduka, hufaa kwa jambo moja: kumjulisha mtu kwa saa mbili, kabla ya tiketi za ndege, kama anapenda theluji au anapenda tu picha zake.

Watoto wadogo sana hunilazimisha kulegeza msimamo juu ya vituo vipya vya Ufaransa. Ikiwa asiyeteleza ni mzazi anayekaa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hitaji lake la kwanza si mandhari. Ni nyumba iliyo karibu na kila kitu, mtaa usio na magari, na uwezo wa kurudi ndani kwa dakika tatu mtoto anapoanza kulia kwa baridi. Avoriaz, iliyofunguliwa 1966 na isiyoruhusu magari tangu mwanzo, inalitimiza hilo vizuri, na watoto wakubwa hujifunza katikati ya kijiji, si mbali. Kukutana na wenzake mchana hakuhitaji kebo. Wao ndio wanaoteremka mpaka mlangoni. Kipimo kinabaki kilekile, ila njia zinakutana chini badala ya juu.

Limebaki suala la theluji yenyewe, ambalo mtelezaji hulitumia kufunga mjadala: vijiji vya kale viko chini, na dunia inapata joto. Ni kweli. Milima ya Alps imepata joto la takriban nyuzi 2 tangu mwisho wa karne ya 19, haraka kuliko wastani wa dunia, na mwanzoni mwa Januari 2023 vituo vingi vya chini vilikuwa na miteremko ya kijani. Lakini tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Wiki ikikosa theluji katika kituo kilichojengwa kwa ajili ya skii pekee, familia nzima inakuwa familia ya wasioteleza, tena mahali ambapo hakukuwekwa chochote kwa ajili yao. Wiki hiyohiyo katika mji wenye reli, msitu, jumba la makumbusho na mji mkubwa jirani, kama Seefeld ilivyo karibu na Innsbruck, likizo hubadilika sura bila kuharibika. Yale yanayomfaa asiyeteleza ndiyo bima ya anayeteleza. Na vijiji vingi vya kale viko chini lakini theluji yake iko juu: Wengen hulala mita 1,274 na kutelezea juu ya 2,000. Kwa hiyo kimo cha kitanda na kimo cha theluji visichanganywe; bibi alale chini apate usingizi, watoto wapandishwe asubuhi.

Akishachagua mahali, mwenye kupanga safari asome ramani ya kebo kwa jicho jingine. Vibanda vilivyofungwa na treni huwachukua watembeaji. Viti vya wazi mara nyingi haviwachukui, hasa wakati wa kushuka. Mkahawa unaofikiwa kwa kiti tu haumo katika hesabu, hata ukiwa mzuri kuliko yote. Chakula nacho kina swali lake kwa familia ya Kiislamu: fondue ya jibini hupikwa kwa mvinyo mweupe, na vyakula vingi vya Tirol hutiwa vipande vya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kuagiza na kuwa na kitu mkobani. Mavazi ya asiyeteleza yawe mazito kuliko ya mtelezaji, kwa kuwa mtelezaji hupata joto kwa kujisukuma, na yeye anasimama akitazama. Viatu vyake viwe na nyayo zenye meno, au vifungwe vile vyuma vidogo vinavyovutwa juu ya soli kwa mpira, maana hatari yake iko kwenye barafu ya mtaani mbele ya duka la mikate, saa mbili asubuhi.

Na saa ya kebo ya mwisho iandikwe kwa karatasi na kuwekwa mfukoni mwa kila mtu. Mwenye skii akichelewa, bado ana njia ya kuteremka. Mwenye viatu akiikosa, amebaki mlimani giza likiingia, na mwezi wa Januari huko huingia mapema. Ndiyo sababu miadi ya kurudi iwe saa tisa na nusu, juu, kwenye kituo, na wenye skii ndio wawe wa kwanza kufika.